Tumbili na Kamba

1. Shamba na msitu

Mlima Meru husimama juu ya mji wa Arusha kama mzee aketiye mlangoni pa boma lake, akiwatazama watoto wake. Kilele chake kimepita mita 4,500, na kiunoni umejifunga msitu mnene. Upande wa mashariki wa mlima huo pana nchi iliyotengwa na serikali kwa ajili ya wanyama wa mwitu. Ilitengwa kwanza mwaka 1960, ikaitwa kwa jina la Ngurdoto, maana ndani yake pana shimo kubwa la volkeno lenye jina hilo. Mwaka 1967, mlima wenyewe ulipokwisha kuongezwa, ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Humo wamo twiga na nyati, na mbega wenye manyoya meusi na meupe, na nyani na kima; na katika maziwa ya Momella huonekana heroe.

Chini ya msitu huo yako mashamba. Wameru na Waarusha hulima huko migomba, kahawa, mahindi na maharagwe. Mahali pengine shamba na msitu hugusana kabisa. Kwa hiyo mwenye kulima huko ana majirani wa namna mbili: wako wa miguu miwili, ambao hubisha hodi, na wako wa miguu minne, ambao hawajui hodi wala hawana haja nayo. Katika hao wa pili, mwenye werevu kupita wote ni tumbili. Mahindi yakianza kukomaa, yeye hupata habari kabla ya mwenye shamba.

2. Kitoto cha tumbili

Katika kijiji kimoja juu ya Usa River alikuwako kijana wa darasa la tano. Baba yake alikuwa na shamba la mahindi karibu na msitu, na kila mwaka tumbili walimtia hasara. Siku moja alfajiri baba akawafungulia mbwa. Tumbili wakakimbia, wakapanda mitini. Lakini mmoja hakuwahi, maana alikuwa amechukua mtoto kifuani. Mbwa wakamkamata. Kijana alipofika alimkuta mama amekufa, na mtoto bado amemng'ang'ania, uso wake mwekundu kidogo na manyoya yake meusi, kama walivyo watoto wa tumbili katika miezi yao ya kwanza.

Kijana akamwonea huruma, akamtia ndani ya shati lake akaenda naye nyumbani. Akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Usiku akamlaza karibu na jiko apate joto. Alikuwa jike. Siku nyingi kijana hakujua kama atakufa au ataishi. Hata mwisho akaishi.

Alipopata nguvu alianza kuiba. Aliingia jikoni akamwaga unga, akavunja mayai, akapanda juu ya paa na sufuria ya jirani. Mama wa kijana akasema, "Mfunge mnyama wako, ama sivyo mimi nitamfukuza." Basi kijana akatafuta kamba ya katani, akamfunga kiunoni, na mwisho wa kamba akaufunga katika mti wa parachichi nyuma ya nyumba. Kila alasiri alipotoka shule alimpelekea ugali, ndizi, na chai yenye sukari. Watoto wa kijiji walikuja kumtazama, wakacheka alipokunywa chai kwa mikono miwili kama mzee. Kijana alifurahi sana. Aliona kwamba yeye peke yake katika darasa lote ana mnyama wa mwitu ampendaye.

3. Kamba yaingia mwilini

Mwaka ukapita. Tumbili akakua, lakini kamba haikukua. Hapo kwanza ilikuwa imelegea kiunoni, kisha ikawabana manyoya, kisha ikakata ngozi, na nyama ikaanza kuota juu yake. Kijana hakuona, maana manyoya yalikuwa yakifunika. Aliona tu kwamba mnyama wake amebadili tabia: mchana kutwa alikwenda mbele na kurudi nyuma njia ile ile, hatua tatu huku na hatua tatu huku, hata chini ya mti pakawa na kifereji. Mtu akimkaribia alionyesha meno.

Hata siku moja dada yake mdogo, ambaye hajaanza shule, akamchukulia ndizi. Akanyosha mkono kumpapasa kiunoni kama alivyozoea. Tumbili akamrukia, akamwuma mkononi mpaka damu ikatoka.

Mama akamwosha mtoto jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa robo saa, akamchukua hospitali siku ile ile. Akafanya vema. Wewe usomaye, shika neno hili: mtu akiumwa na mnyama, ajapokuwa mnyama huyo aonekana mzima, jeraha lioshwe hivyo hivyo, na mtu aende kwa mganga bila kuchelewa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huweza kuzuiwa kwa sindano ukiwahi. Lakini dalili zake zikiisha kutokea, mgonjwa hafiki mbali. Yule mtoto akachomwa sindano zote alizoandikiwa, akapona.

Jioni baba akachukua panga, akasema, "Mama yake alikula mahindi yangu, na huyu amekula mkono wa mwanangu. Leo yatakwisha."

Kijana akampigia magoti. "Baba, nipe mpaka kesho. Nimwulize mwalimu kwanza."

Baba akanyamaza kitambo, akasema, "Mpaka kesho."

4. Jibu la mwalimu

Asubuhi kijana alimngoja mwalimu mlangoni pa shule. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekuja kabla ya kengele?"

Kijana akamweleza mambo yote. Akamaliza kwa kusema, "Mwalimu, mimi nampenda sana tumbili yule. Nimemlea tangu utoto. Kwa nini amekuwa mbaya?"

Mwalimu hakumjibu kwa maneno. Akafuatana naye mpaka chini ya ule mti, akamwambia amtazame mnyama kwa makini alipokuwa akinywa maji, wala asimsogelee. Manyoya yalipojikunja, kijana akaona kidonda, na kamba imo ndani ya nyama kama uzi ndani ya mshono. Akageuka upande, hakuweza kusema.

Ndipo mwalimu akanena, "Hakuwa mbaya. Ana maumivu, naye hana kinywa cha kukuambia ila meno. Ulimwokoa kutoka kwa mbwa, ukafanya vizuri. Lakini kumwokoa ni kazi yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kumtoa katika hatari. Sehemu ya pili ni kumrudisha kwao. Wewe ulifanya ya kwanza, ukaisahau ya pili."

Tena akamweleza sheria. Katika Tanzania wanyama wote wa mwitu ni mali ya taifa, nao wanalindwa na sheria ya mwaka 2009. Hakuna ruhusa ya kumkamata mnyama wa mwitu wala kumfuga bila kibali cha serikali, ajapokuwa mdogo, na ajapokuwa yatima. Mtu akimwona mnyama aliyeumia au mtoto aliyepotewa na mama yake, imempasa kuwapasha habari askari wa wanyama, maana wao wanajua la kufanya.

Baba aliyasikia maneno hayo, akasema, "Mwalimu, ninyi mnamhurumia tumbili. Je, nani atamhurumia mwenye mahindi?"

Mwalimu akajibu, "Neno lako ni haki, nami sina jibu jepesi. Kwanza tumwondoe huyu; kisha wewe na mimi tutaketi tuseme habari ya shamba."

Wakaenda katika lango la Hifadhi liitwalo Ngongongare, wakatoa habari. Askari hawakumtia kijana hatiani, kwa kuwa amekuja mwenyewe tena ni mtoto. Wakaja na sanduku lenye matundu, wakamchukua tumbili. Kijana akabaki ameshika kipande cha kamba kilichokatwa. Akakikunja, akakitia sandukuni pake pamoja na madaftari.

5. Safari ya Machame

Kijana alipokuwa darasa la saba, mwalimu akapata ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi mahali panapotunzwa wanyama wa namna ile. Pako upande wa Machame, chini ya Kilimanjaro, katika shamba la kahawa liitwalo Makoa. Wenye shamba hilo, pamoja na kulima na kufuga farasi, wamefanya makimbilio ya wanyama wa mwitu walioumia na walio yatima.

Wakaondoka kwa motakaa alfajiri. Wakapita Maji ya Chai na Kikatiti, na Meru ukabaki nyuma yao, na Kilimanjaro ukatokea mbele kama wingu jeupe. Walipofika njia panda ya kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, mwalimu akamwambia dereva asimame kidogo.

"Mnaona barabara hii?" akauliza. "Mwezi wa Novemba mwaka 2010 ilikatiza hapa habari ya aibu. Twiga wanne, pamoja na wanyama wengine na ndege, jumla yao zaidi ya 100, walitiwa katika eropleni kwenye kiwanja hiki, wakapelekwa Qatar wakiwa hai. Twiga ni mnyama wa taifa letu. Waliuzwa kama mbuzi wa mnadani. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mtu mmoja miaka 60 gerezani, naye alikuwa amekwisha kutoroka. Na mwaka 2016 serikali ilisimamisha kwa miaka mitatu biashara ya kupeleka wanyama hai nchi za nje."

Mwanafunzi mmoja akasema, "Wale walikuwa wezi, mwalimu. Walifanya kwa ajili ya fedha."

"Kweli," mwalimu akajibu. "Wako wamkamatao mnyama kwa kupenda fedha, na wako wamkamatao kwa kumpenda yeye mwenyewe. Nia zao si moja, wala hatuwezi kuwahukumu sawasawa. Lakini fikirini: mnyama aliyefungwa, je, anajua nia ya aliyemfunga?"

Hakuna aliyejibu. Kijana akatazama nje ya dirisha mpaka walipopita Boma Ng'ombe.

6. Makimbilioni

Walipofika walipokewa na mzee mmoja mtunzaji, aliyevaa viatu vya mpira. Walipokwisha kumwamkia, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Wanangu, hapa hatupigi kelele, hatugusi mnyama, wala hatumpi chakula. Mkija kwa kuwapapasa, mmekuja mahali pasipo penu."

Akawaeleza kazi. Mnyama aletwapo, kwanza huwekwa peke yake siku kadhaa, asiwaambukize wenziwe ugonjwa, wala asiambukizwe. Maana nyani, tumbili na binadamu hupeana maradhi kwa urahisi, kama kifua kikuu na mafua. Kwa hiyo watunzaji hunawa mara nyingi. Kisha mganga wa wanyama hutazama majeraha. Wengine wamegongwa na motakaa, wengine wamenaswa katika mitego ya waya, wengine wameungua kwa nyaya za umeme, na wengi wametolewa majumbani mwa watu wakiwa na kamba au mnyororo.

"Kutibu jeraha ni kazi ndogo," mzee akasema. "Jeraha hufunga kwa majuma machache. Kazi kubwa ni kumfundisha mnyama kutuogopa tena."

Wanafunzi wakashangaa. Mmoja akauliza, "Mzee, kwa nini mfundishe kuogopa? Si afadhali awapende?"

Mzee akajibu, "Akitupenda sisi, atampenda na mtu mwingine. Atashuka kijijini bila hofu, ataingia jikoni, na huko atapigwa panga. Upendo wetu ndio utakaomwua."

Kisha akawasimulia habari ya Kenya. Kule Tsavo alikuwako bibi mmoja jina lake Daphne Sheldrick, aliyejitahidi miaka mingi kulea watoto wa ndovu walioachwa yatima. Shida yake ya kwanza ilikuwa maziwa, kwa sababu mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwadhuru watoto wa ndovu. Akajaribu hiki na hiki, mpaka akapata mchanganyiko uliowafaa, na nazi ikiwamo. Katika miaka ya 1970 alimlea mmoja mchanga sana, akawa mama yake mchana na usiku. Mtoto akanawiri. Kisha bibi yule akasafiri siku chache kwenda arusi ya binti yake. Ndovu mdogo alipomkosa, akakataa kula, akadhoofika, akafa kwa huzuni.

"Bibi yule akajifunza," mzee akasema. "Huko Nairobi, katika makao ya yatima wa ndovu yaliyoanzishwa baada ya mwaka 1977 kwa ukumbusho wa mumewe, walezi hupokezana zamu, huyu hulala na mtoto leo, na yule kesho, ili mtoto awapende wote asimng'ang'anie mmoja. Wakikua hupelekwa Tsavo, na huko hujiunga na ndovu wa porini polepole. Wako waliokwenda zao miaka mingi, kisha wakarudi siku moja kuonyesha watoto waliowazaa mwituni, wakaondoka tena. Mlezi akionyeshwa jambo la namna hiyo, amekwisha kulipwa."

7. Shule ya tumbili

Mzee akawaketisha chini ya mti, akawauliza, "Nani kati yenu alizaliwa akijua kusoma?" Wakacheka. "Basi na tumbili hakuzaliwa akijua utumbili wote. Sehemu amezaliwa nayo, na sehemu hufundishwa na wakubwa wake."

Akawaambia kwamba nyuma ya Kilimanjaro, upande wa Kenya, pana nchi iitwayo Amboseli, na huko wataalamu wamesikiliza lugha ya tumbili miaka mingi. Mwaka 1967 Thomas Struhsaker aliandika kwamba tumbili wana vilio mbalimbali kwa adui mbalimbali. Mwaka 1980 wataalamu wengine watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, wakatoa habari ya jaribio lao. Walinasa sauti zile katika mashine, wakazitoa mahali pasipo adui wowote, wakatazama tumbili watafanya nini. Waliposikia kilio cha chui, tumbili walikimbilia mitini. Waliposikia kilio cha tai, walitazama juu, wakaingia vichakani. Na waliposikia kilio cha nyoka, walisimama kwa miguu miwili wakachungulia majanini. Hakukuwa na chui, wala tai, wala nyoka. Palikuwa na neno tu, nao walilifahamu neno.

"Lakini watoto wao hukosea," mzee akaendelea. "Mtoto akiona jani linaanguka hulia kilio cha tai. Wakubwa hutazama juu. Wakiona ni jani, hunyamaza. Wakiona ni tai kweli, nao hulia, na mtoto huyu hujua kwamba amesema sawasawa. Hiyo ndiyo shule yake, na wakubwa ndio walimu. Sasa fikirini habari ya tumbili aliyekulia chini ya mti nyuma ya nyumba. Nani alimsahihisha?"

Kijana akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo," mzee akasema, "tukimpata yatima hatumwachi peke yake, wala hatumrudishi msituni siku moja kama mtu atupaye taka. Huko angekufa, maana tumbili wenye nchi hawampokei mgeni kwa urahisi. Twamweka na yatima wenziwe, na pamoja nao tumbili mkubwa mmoja au wawili, wawe kama wazee wa ukoo. Huko hujifunza heshima, na kutafuta majani na wadudu, na kukaa macho. Wakiisha kuwa ukoo mmoja, twafungua mlango. Chakula twaendelea kuweka, lakini kila siku twakipunguza, mpaka siku moja hawaji. Watu wa zamani walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sisi kazi yetu ni kumtoa mnyama utumwani, na njia ni kumrudishia asili yake."

8. Kivuli cha tai

Mzee akawaongoza mpaka ukingo wa msitu, wakajificha nyuma ya boma la matawi. Mbele yao tumbili kumi na wachache walikuwa wakitafuta chakula. Mlango wao ulikuwa umekwisha kufunguliwa majuma mengi.

Kijana akawatazama mmoja mmoja. Mara akamwona jike aliyeketi juu ya gogo, na mtoto wa mwingine akimchambua manyoya. Kiunoni mwake palikuwa na mstari mwembamba usioota manyoya, umezunguka kama mkanda. Kijana akashika mkono wa mwalimu kwa nguvu. Akafungua kinywa, maana jina alilompa lilikuwa limefika ulimini.

Mzee akaweka kidole midomoni. Akanong'ona, "Ukimwita atakuja. Na akija, kazi ya mwaka na zaidi itakuwa imeharibika. Chagua wewe."

Kijana akafumba kinywa. Machozi yakamtoka, lakini hakutoa sauti.

Wakati ule ule kivuli kikapita juu ya majani. Tumbili mmoja mkubwa akalia kwa sauti ya mkato. Wote wakatazama juu, na kabla ya mtu kuhesabu mbili, wakawa wameingia kichakani. Yule mwenye alama kiunoni aliingia pamoja nao, naye hakuwa wa mwisho. Tai akazunguka mara mbili, akaenda zake. Mahali pakawa kimya, hata jani halikutikisika.

Mzee akatabasamu. Akasema polepole, "Mmesikia? Amekwisha kujua kusoma."

9. Kamba

Juma lililofuata mwalimu akafundisha somo la mwisho la habari hiyo. Akawaambia wanafunzi habari za Diani, katika pwani ya Kenya, kusini ya Mombasa. Huko barabara ilikata msitu, na mbega walikuwa wakigongwa walipovuka. Tangu mwaka 1997 wako watu huko wajitoleao kwa ajili ya mbega na jamaa zake; wakatengeneza ngazi za kamba, wakazitundika juu ya barabara kutoka mti hata mti, na wanyama huvuka bila kushuka chini. Na huko Unguja, karibu na msitu wa Jozani, kima punju nao waligongwa sana; watu wakajenga matuta barabarani ili motakaa zipunguze mwendo, na vifo vikapungua.

"Tazameni," akasema. "Kamba iliyomwumiza tumbili wetu, na kamba inayowavusha mbega wa Diani, zote mbili ni kamba. Moja hufunga, na moja huvusha. Vivyo hivyo na mapenzi ya mtu kwa mnyama."

Kisha akaitimiza ahadi aliyomwahidi baba. Siku ya Jumamosi akaenda shambani pamoja na wanafunzi wakubwa. Wakafyeka vichaka vilivyokuwa kati ya shamba na msitu, kwa sababu tumbili hapendi kuvuka mahali peupe. Wakajenga dungu refu, ili mlinzi aone mbali. Baba akakubali kuwafunga mbwa, na watoto wa jirani wakapangiana zamu ya kulinda asubuhi na alasiri, kila mmoja na debe lake la kupiga. Baba akasema, "Hawataacha kabisa." Mwalimu akajibu, "Hawataacha kabisa, maana mahindi ni matamu. Lakini hasara itapungua, na hapana mtoto atakayenyang'anywa mama."

Mwaka ule tumbili walikula mistari miwili ya ukingoni. Mwaka uliotangulia walikula robo ya shamba.

Walipokuwa wakimaliza dungu, ngazi ikalegea katika kipandio cha juu, na kamba zilikuwa zimekwisha. Kijana akaenda mbio nyumbani, akafungua sanduku lake, akarudi na kipande cha katani. Akazungusha mara tatu, akakaza fundo. Baba akakitambua kile kipande, akamtazama mwanawe, asiseme neno. Kisha akapanda, akakanyaga kipandio kile kwa uzito wake wote, nacho kikamchukua.

Maswali

1. Kwa nini shida ya tumbili ni kubwa zaidi katika mashamba yaliyo karibu na msitu?

2. Kumwokoa mnyama kuna sehemu mbili. Zitaje, useme kijana alisahau ipi.

3. Mtu akiumwa na mnyama imempasa afanye nini, na kwa nini asichelewe?

4. Eleza vilio vitatu vya tumbili, na tumbili hufanya nini asikiapo kila kimoja.

5. Kwa nini walezi wa ndovu yatima hupokezana zamu?

6. Kwa nini mzee hakumruhusu kijana kumwita tumbili kwa jina? Je, wewe ungalifanyaje?

7. Baba aliuliza, "Nani atamhurumia mwenye mahindi?" Mwalimu alilijibu swali hili kwa maneno au kwa matendo? Eleza.

8. Andika habari ya mnyama mmoja wa mwitu aliye karibu na kijiji chenu: hasara anayowatia watu, hasara ambayo watu wanamtia, na njia moja ya kupunguza zote mbili.